Namna ya Kumzuia Mwanafunzi Asinawe kwa Tindikali

Kwenye chupa ya tindikali ya salfa kuna alama yenye mkono. Juu ya mkono imeinamishwa testityubu, na kutoka ndani yake kinadondoka kitu cha majimaji. Pembeni kuna testityubu ya pili, hiyo inadondoshea kipande cha chuma. Nilimwonesha alama hiyo mtoto wa jirani yetu hapa Mpendae, yuko kidato cha kwanza, nikamuuliza inamwambia nini. Alijibu hapo hapo: "Ninawe mikono, mwalimu."

Jibu lake lina akili timamu. Tangu yuko nasari anaambiwa anawe kabla ya kula na baada ya kutoka chooni. Mwaka 2020, wakati wa korona, picha ya mkono na matone ya maji ilibandikwa madukani, maskulini na kwenye vituo vya afya. Mtoto ameshafundishwa kwamba mkono na matone maana yake ni usafi, halafu sisi walimu tukamletea mkono mwengine na matone mengine, tukategemea ajue mwenyewe kwamba haya ya leo yanatoboa ngozi.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyekabidhiwa ufunguo wa maabara ya skuli, uwe Mpendae, Makunduchi au Chake Chake. Ukiufuata, wanafunzi wako watatoka na vidole vyote kumi na nyusi zote mbili, na hilo ndilo lengo la kwanza la somo la kemia, kabla ya mengine yote.

Hatua ya kwanza: bandua karatasi ya zamani

Nenda ukutani. Karatasi ya maagizo iliyopo unaijua. Imejaa Kiingereza kuanzia juu mpaka chini, herufi zake ni za kusomwa na mtu aliyeigusisha pua, imefunikwa plastiki ili idumu, na imetundikwa nyuma ya mlango. Mlango ukiwa wazi haionekani, na ukija kufungwa mwanafunzi ameshaingia na ameshashika kitu. Isome kwa sauti, yote, bila kuruka. Ukifika mstari wa kumi na pumzi zimekwisha, jua kwamba mwanafunzi aliishia wa pili.

Sina ugomvi na Kiingereza. Sayansi ya sekondari Zanzibar inasomeshwa kwa lugha hiyo, mtihani wa NECTA wa kidato cha nne unakuja kwa lugha hiyo, na mtoto lazima aijue. Lakini mkono ulioshika pipeti hausubiri kichwa kimalize kutafsiri. Mwanafunzi wa kidato cha pili akikutana na sentensi yenye vitenzi vitatu asivyovijua, anamgeukia mwenzake na kumuuliza, "Imesema tutie kipi kwanza?" Mwenzake naye anamuuliza wa tatu. Muda si muda meza nzima inafuata maagizo ya mtoto mmoja, ambaye na yeye aliyasikia kwa meza ya pili. Ziko skuli zetu za mjini zenye mikondo miwili, asubuhi na mchana, na madarasa yaliyojaa. Hakuna mwalimu anayeweza kusimama kwenye kila meza kwa wakati mmoja. Karatasi ndiyo inayosimama pale kwa niaba yake, basi na iwe karatasi inayosema.

Hatua ya pili: zijue picha za wenzako kabla hujachora zako

Usibuni alama kutoka kichwani. Ziko ambazo dunia imeshakubaliana. Mkutano wa Rio de Janeiro wa 1992 uliagiza upatikane mfumo mmoja wa kuainisha kemikali na kuziwekea lebo, na mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ukachapisha toleo la kwanza la mfumo huo, unaojulikana kwa kifupi cha GHS. Una alama 9. Kila moja imo ndani ya mraba uliosimamishwa kwa pembe yake, ukingo mwekundu, picha nyeusi, ndani kweupe. Zimebandikwa kwenye chupa zinazotoka viwandani kila upande wa dunia, kwa hivyo mwanafunzi wako atakutana nazo apende asipende. Kuzifundisha kunataka kipindi kizima, tena kipindi ambacho hakuna chupa iliyofunguliwa.

Baadhi yake hazina tabu. Fuvu na mifupa miwili ni sumu inayoua haraka, na mtoto ameshaliona fuvu lile lile kwenye transfoma za umeme. Samaki aliyekufa karibu na mti mkavu watoto wetu wanamsoma upesi, maana samaki wanamjua akiwa hai na wanamjua akiwa ameoza. Alama hiyo imo kwenye mrututu, ule unga wa buluu wa kopa salfeti tunaoutumia kila mara. Hapo usiishie kwenye picha. Waeleze kwamba maji ya kunywa ya Unguja kwa sehemu kubwa yanatoka chini ya ardhi, na kwamba sinki nyingi zinaishia kwenye karo. Mrututu uliomwagwa sinkini unaingia karoni, na kutoka karoni unaweza kushuka chini kule kule tunakochota. Weka ndoo ya mabaki, na ndoo hiyo ibandike samaki yule yule.

Tabu inaanza kwa mtu mwenye nyota kifuani. Alama inaonesha kichwa na mabega ya mtu, na kifuani pake pamepasuka kitu cheupe chenye ncha. Waulize darasa ni nani huyu. Watakuwepo watakaosema ni msanii maarufu, na watakuwepo, khasa safu ya nyuma, watakaosema mapenzi yamemvunja moyo. Wacheke wamalize, kisha uwaambie: hii ni kemikali inayodhuru polepole, inayoweza kuleta saratani, kuharibu mapafu au kumfikia mtoto aliyemo tumboni. Formalini tunayohifadhia samaki na vyura kwenye chupa za baiolojia inayo alama hii. Mimi naiogopa kuliko fuvu. Fuvu humtisha mtu papo hapo akarudisha mkono, na huyu wa nyota humwacha mtu aendelee na kazi yake, akaja kumdai baada ya miaka.

Kisha kuna ndimi mbili za moto, na hapa ndipo nakuomba ukae sana. Moto peke yake ni kitu kinachowaka, kwa mfano spiriti. Moto uliokaa juu ya duara ni kitu kinachoupa moto oksijeni, hata kama chenyewe hakiwaki. Kwa mbali zinafanana, na mtu mwenye haraka anaziweka rafu moja akidhani amepanga vizuri. Potasiamu pamanganeti, zile chembe za zambarau, ina moto juu ya duara. Gliserini haimtishi mtu. Wasichana wanaipaka midomoni. Imwage gliserini kidogo juu ya chembe zile, na baada ya muda mfupi utatoka moshi, kisha moto mkali, bila ya mtu kuwasha kiberiti. Alama za GHS haziwezi kukuokoa hapo, kwa kuwa kila alama inaeleza chupa yake na haisemi chupa ipi isikae na ipi. Hilo ni lako wewe kulisema. Kwenye rafu ya pamanganeti chora chupa mbili, chora mstari mnene katikati yao, na chini yake andika KAA MBALI NA GLISERINI.

Alama ya mshangao inataka sentensi moja tu: kitu hiki kinawasha au kinadhuru kwa kiasi, kishike kwa adabu.

Na ule mkono tulioanza nao? Mfundishe mtoto atazame pale tone linapoangukia. Mkono umeliwa, una pengo, na chuma cha pembeni nacho kimelika. Akishaliona pengo hatosahau tena. Kisha karibu na alama hiyo weka ya kwako: jicho lililovaa miwani ya kinga, na neno INAUNGUZA. Zanzibar haihitaji kukumbushwa tindikali inaifanya nini ngozi ya mtu. Mashambulizi ya 2012 na 2013, yaliyowajeruhi viongozi wa dini na wageni, bado yamo vichwani mwetu, na mtoto anayejifunza kuiheshimu chupa ile skuli anaibeba heshima hiyo mpaka nje ya geti.

Hatua ya tatu: umbo kwanza, rangi baadaye

Kuna alama nyengine za kimataifa, zile za ukutani, nazo zina utaratibu wake. Duara la buluu maana yake ni lazima: vaa miwani, vaa glavu. Duara jekundu lenye mstari wa kukata ni marufuku. Pembetatu ya manjano ni tahadhari. Mstatili wa kijani unaonesha pa kukimbilia: mlango wa dharura, sanduku la huduma ya kwanza, bomba la kuoshea macho.

Sasa ipeleke kazi yako steshenari. Rangi zitabaki kule. Karatasi ya rangi ina bei yake na skuli ina bajeti yake, kwa hivyo itatoka nyeusi na nyeupe, kisha nakala itatolewa nakala, na ile ya mwisho itatolewa nakala tena mwaka ujao na mwalimu aliyekurithi. Buluu yako na nyekundu yako zote zitakuwa kijivu kimoja. Na hata zikibaki, darasani mwako anaweza kuwemo kijana asiyetofautisha nyekundu na kijani, na huenda mwenyewe hajijui. Kwa hivyo fanya mtihani huu: toa nakala ya nakala ya nakala, ibandike ukutani, rudi nyuma hatua tano. Ukiweza bado kutofautisha LAZIMA na MARUFUKU kwa umbo peke yake, umefaulu. Usipoweza, chora upya kwa mistari minene na michache. Kila mstari usio na kazi ufute. Vivuli, pambo la pembeni, nembo ya mfadhili, vyote vitoke.

Mstari wa marufuku una mtego wake. Kunyonya pipeti kwa mdomo ni hatari, na karatasi nyingi zinachora mtu aliyetia pipeti mdomoni kisha zinapitisha mstari mwembamba juu yake. Mtoto anachokiona ni mtu aliyetia pipeti mdomoni, na mstari anauchukulia ni kasoro ya mashine. Weka picha mbili pamoja. Ya kushoto mdomo kwenye pipeti, na juu yake alama ya kosa, kubwa, ile ile anayowekewa na mwalimu kwenye daftari la hesabu. Ya kulia mpira wa kunyonyea uliovikwa pipeti, na juu yake alama ya pata. Hakuna mwanafunzi Unguja nzima asiyejua tofauti ya alama hizo mbili. Amelia kwa moja na kurukaruka kwa ya pili tangu darasa la kwanza.

Hatua ya nne: mvalishe mtu wako nguo za hapa

Stika zinazouzwa tayari zina mtu wa kigeni, na mtu huyo ana matatizo ya kigeni. Iko ya msichana mwenye nywele ndefu anazozifunga nyuma zisishike moto. Wasichana wetu nywele zao zimo ndani ya mtandio tangu asubuhi. Wanaitazama stika ile na kuona imeshatekelezwa. Hatari yao iko kwenye ncha ya mtandio inayoning'inia mbele wanapoinama juu ya taa ya spiriti. Vitambaa vingi vya mitandio siku hizi ni vya poliesta, na poliesta ikishika moto inayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Basi chora msichana aliyevaa mtandio, ncha zake zimeingizwa ndani ya koti la maabara na kifungo cha juu kimefungwa. Mchore kwa ubavu, ameinama, na mwali uko karibu ili sababu ionekane. Picha hii hutoipata dukani. Mwanafunzi wako anayejua kuchora ataimaliza kabla ya kengele ya mapumziko.

Stika ya kukataza kula nayo aghalabu ina baga na bilauri yenye mrija. Mtoto wa Mpendae anayeingia maabara ana ubuyu mfukoni na vidole vimeshapata rangi. Hana baga. Na hata ukimchorea ubuyu, kesho ataingia na embe mbichi akidai haikutajwa. Chora mkono unaokwenda mdomoni, uupige alama ya kosa. Hapo umekataza ubuyu, embe, kalamu inayotafunwa na kucha zinazong'atwa kwa pamoja.

Haya si mambo ya urembo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, waliwapelekea watu wasiosoma sana picha za maagizo ya dawa zilizochorwa Marekani, na karibu nazo picha zilizochorwa kule kule kwao pamoja na wenyeji. Za kwao zilieleweka zaidi. Jicho linasoma kile lilichozoea kukiona.

Hatua ya tano: panga kutoka juu kuja chini

Mtoto wa huku akitoka skuli anakwenda chuoni kusoma Kurani, na huko anasoma kutoka kulia kwenda kushoto. Anaweza njia zote mbili bila ya kuchanganyikiwa, kwa sababu herufi zenyewe zinamwambia aanzie wapi. Picha hazina herufi. Ukimpangia picha nne kwa mstari mmoja, mimina, koroga, pasha moto, acha ipoe, atakayeanzia kulia atapoza kitu ambacho hajakipasha na atamalizia kwa kumimina. Zipange kwa safu moja ya wima na uweke namba kubwa. Juu kuja chini haina ubishi kwa yeyote.

Saa nayo iangalie. Ukichora saa ya mishale na mshale mrefu umelala kwenye tatu, kuna atakayesoma robo saa na kuna atakayesoma saa tisa, akasubiri mkondo wa mchana. Chora duara, tia kivuli sehemu ya muda unaotakiwa, na andika ndani yake DAKIKA 15. Muda kwenye maabara ni jambo zito. Wanaopima choo kutafuta minyoo, kazi inayofanywa miaka mingi na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyoanzishwa Pemba mwaka 2000, wanajua kwamba kwa njia ya Kato-Katz mayai ya safura hayangoji. Gliserini ya kwenye kioo inayafifisha, na slaidi ikikaa zaidi ya saa moja msomaji anaweza kuandika kwamba mgonjwa hana kitu. Duara moja lenye kivuli lingemwambia ainuke sasa hivi.

Mfano ulio bora kuliko wote uko kituo cha afya

Kama unadhani nakuchosha kwa vijipicha, fikiria kipimo cha haraka cha malaria, kile kijibao cheupe cha plastiki. Mwaka 2005 kilijaribiwa katika vituo vinne vya afya vya Zanzibar, na wagonjwa wa homa walioandikiwa dawa ya malaria walipungua sana wakilinganishwa na wale waliotibiwa kwa kutazamwa dalili tu. Kipimo ni kizuri, lakini kinapitia mikononi mwa mtu, na mtu huyo ana hatua nyingi za kukosea: tarehe ya mwisho, kidole, kiasi cha damu, kitundu cha kutilia, matone ya dawa, dakika za kusubiri.

Huko Zambia watafiti waliwagawa wahudumu wa afya wa vijijini makundi matatu, na matokeo yakachapishwa 2008. Kundi la kwanza lilipewa maagizo yaliyokuja ndani ya boksi la kiwanda. Lilipatia asilimia 57 ya hatua. Kundi la pili lilipewa karatasi ya picha, hatua kwa hatua, iliyojaribiwa na kurekebishwa pamoja na wahudumu wenyewe. Likafika asilimia 80. La tatu lilipewa karatasi hiyo hiyo na mafunzo ya muda wa saa 3, likafika asilimia 92. Wahudumu walikuwa wa aina moja na kipimo kimoja. Tofauti ya 57 na 80 ililetwa na karatasi.

Tazama mambo ambayo karatasi ile inayashughulikia. Inachora mkono na kutia alama kidole cha nne, hivyo muhudumu hana haja ya kuuliza kipi. Inachora majibu kwa sura zote anazoweza kukutana nazo, ikiwemo ile ya mstari hafifu. Mstari hafifu kwenye T, sehemu ya jibu, ni malaria kamili, na mtu asiyeuona ukiwa umechorwa hafifu atauita hakuna. Inachora pia kijibao ambacho mstari wa C, unaothibitisha kwamba kipimo kinafanya kazi, haukutokea, na kukiandika kwamba kimeharibika, kirudiwe. Mchoraji wa kawaida angechora jibu zuri na jibu baya akaenda zake. Na wewe kwenye karatasi yako ya kupima wanga kwa ayodini, usichore muhogo uliogeuka buluu iliyoiva tu. Chora na ule ambao haukubadilika, na ule uliobadilika madoa madoa kwa kuwa mtu alitia tone moja akakimbia.

Hatua ya sita: picha haiachwi peke yake

Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Mwanamke anayechagua kanga Darajani anatazama ua, kisha anainamisha kichwa kusoma jina, kwa sababu ua peke yake halimwambii mtu chochote na jina bila ua halimvuti mtu. Alama ya maabara iwe vivyo hivyo. Chini ya kila picha tia neno moja au mawili ya Kiswahili kwa herufi kubwa: VAA MIWANI. USINUSE. KOROGA. SUBIRI. Chini yake, kwa herufi ndogo, tia neno la Kiingereza atakalokutana nalo kwenye mtihani. Mtoto ataelewa kwa picha, atahakikisha kwa Kiswahili, na atajifunza Kiingereza bila kujua. Maneno ya kitaalamu yapo; TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu 1990.

Na zipo alama ambazo bila kufundishwa hazisemi kitu kabisa. Ile ya hatari ya vijidudu, yenye pembe tatu zilizopindana, iliyoko kwenye maboksi ya kutupia sindano, ilibuniwa Marekani mwaka 1966 na Charles Baldwin wa kampuni ya Dow na wenzake. Waliichagua kwa makusudi kwa sababu watu hawakuweza kukisia maana yake lakini hawakuisahau sura yake. Ni chaguo la busara, kwa sharti moja: mtu aambiwe. Yule ambaye hajaambiwa anaona pambo zuri la kubandika kwenye pikipiki.

Hatua ya saba, ambayo wengi wanairuka: muulize asiyejua

Alama ya mionzi, mapanga matatu na kitovu, ilichorwa Berkeley, California, mwaka 1946. Wanafizikia wanaiheshimu. Mtu wa kawaida anaona pangaboi. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazil, watu walichukua mashine ya tiba ya mionzi kutoka kwenye jengo la hospitali lililohamwa, wakaifungua, wakagawana unga uliokuwa ukingʼaa usiku, na watu wanne wakafa. Ajali za aina hiyo ndizo zilizolifanya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki litafute alama ambayo hata asiyesoma ataielewa. Michoro ikajaribiwa kwa watu 1,650 katika nchi 11, na Kenya ikiwemo. Iliyoshinda ikatangazwa 2007: pembetatu nyekundu, mawimbi yanashuka, fuvu, na mtu anayekimbia. Wataalamu wa atomu, kwa elimu yao yote, walikwenda kuwauliza wasiojua. Na wewe unaweza.

Kiwango kinachotumika Marekani kwa alama za usalama kinataka watu 85 katika 100 wapatie maana, na wasizidi 5 wanaoipata kinyume. Kwa skuli yako hesabu ni nyepesi. Chukua wanafunzi 20 ambao hawajaingia maabara. Waoneshe alama mmoja mmoja, faragha, ili asiige jibu la mwenzake. Usimuulize "Umeelewa?", maana atakwambia ndiyo kwa adabu. Muulize: "Hii inakwambia ufanye nini?" na uandike maneno yake kama alivyoyasema. Wakipatia 17, na asizidi mmoja aliyesema kinyume, ibandike. Wakipungua, chora upya. Na yule wa kinyume mwangalie kwa makini kuliko wote, kwa sababu aliyesema "sijui" atauliza, lakini aliyesema "ninawe" atanawa.

Ukimaliza, itundike mbele ya macho ya mtu anayefanya kazi, karibu na chupa, karibu na taa, juu ya sinki. Ile ya nyuma ya mlango umeshaibandua.

Naiomba Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali iwakutanishe walimu wa maabara na Baraza la Kiswahili Zanzibar (BAKIZA), wakubaliane neno moja la Kiswahili kwa kila moja ya zile alama 9, na wazichape kwa umbo linalostahimili mashine ya nakala, zifike kila skuli ya Unguja na Pemba. Wewe mwalimu usingoje. Wiki hii chukua ile chupa yenye mkono, mwite mtoto mmoja wa kidato cha kwanza, na umuulize inamwambia afanye nini.